Pori Lina Wenyewe

Hotuba kwa vijana wa Kusini Unguja wanaojifunza kazi ya kutembeza wageni, pamoja na majibu ya maswali mawili ya mwisho

Assalamu alaikum. Bwana Sheha, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na mlango, hamjambo? Walionialika wameniomba nizungumze juu ya mandhari na utamaduni wa nchi yetu ya maweni, na wakanionya nisizidishe muda kwa sababu chai inapoa. Basi nakwenda moja kwa moja kwenye jambo langu.

Ukitoka Kitogani ukashika njia ya Muyuni na Kibuteni mpaka Makunduchi, kulia na kushoto utaona vichaka. Vichaka vifupi vya majani magumu, mawe ya kijivu yamechomoza katikati, na hapa na pale mbuyu. Mgeni akiuliza hapa pana nini, kijana wa kutembeza wageni hujibu: hapa hapana kitu, ni pori tu, mambo yako mbele, pwani. Nimewasikia mkisema. Mimi nasema lile si pori. Sehemu kubwa ya vichaka vile ni makonde yaliyolazwa, yaani mashamba yaliyopumzishwa. Yana wenyewe, yana zamu yake ya kurudi kulimwa, na wapo watu hai wanaojua nani alilima wapi na kwa ruhusa ya nani. Mtu anayemwambia mgeni kwamba hapana kitu anampitisha katikati ya shamba la babu yake huku akilikana.

Tuanze chini, kwenye jiwe lenyewe.

Unguja ina urefu wa kilomita kama 85, na ukiitazama kwa jicho la mkulima ni nchi mbili zilizogusana. Magharibi na katikati ni nchi ya udongo: mikarafuu, michungwa, mabonde ya mpunga. Mashariki na kusini ni nchi ya jiwe la chokaa. Huku ndiko kwetu: Michamvi, Bwejuu, Paje, Jambiani, Makunduchi, Mtende, Kizimkazi, na upande wa pili ulimi wa Fumba. Matemwe na Nungwi kule kaskazini nao ni wenzetu wa jiwe hili.

Jiwe hili lilikuwa uhai. Katika enzi za joto ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na kwa sehemu kubwa ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki wataalamu wanataja miaka kama 125,000 iliyopita, matumbawe yalijijenga juu ya wenzao waliokufa mpaka yakawa mwamba mpana. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Mkiwapeleka wageni Mtende, msiishie kuwapiga picha ufukweni. Wasogezeni kwenye jabali, wainamishe macho. Wataona matumbawe yenyewe yamo ndani ya jiwe, na mistari yake bado inasomeka, pamoja na vipande vya makombe. Chini ya jabali bahari imelila jiwe kwa ndani mpaka likafanya kibaraza. Pale ndipo somo linapoanzia, na halihitaji ubao.

Sasa mvua. Maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa angani na udongoni, yakawa makali kidogo, na ukali huo mdogo huyeyusha chokaa. Ipe miaka maelfu. Jiwe linatoboka, ufa unakuwa shimo, shimo linakuwa pango. Juu linabaki limechongoka, kiasi kwamba mtu akipita peku hujuta. Udongo mwekundu unaobaki hukusanyika ndani ya vishimo. Ndiyo maana wakulima wetu hawakuridhika kusema ardhi nzuri na ardhi mbaya. Wana kichanga, wana kinongo ambao ni udongo mwekundu juu ya jiwe la chokaa, wana uwanda wenye udongo mwembamba na vichaka, na wana maweni ambako jiwe ni zaidi kuliko udongo. Bibi asiyejua kusoma atakwambia kwa kukanyaga tu: hapa choroko, pale muhogo, pale usijisumbue.

Na mto je? Hakuna. Tafuteni mto Kusini, hamtaupata. Mvua ya masika inanyesha mpaka watu wanashindwa kutoka, na siku ya pili njia ni kavu. Wageni hudhani nchi hii ina ukame. Maji yapo, yamepita chini. Yanateremka kwenye nyufa na mapango, kisha yanatulia juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kama mafuta yanavyokaa juu ya maji kwenye sufuria, kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Wataalamu wana kanuni yao hapa: kila mita 1 ya maji matamu iliyoinuka juu ya usawa wa bahari inakuwa na kama mita 40 za maji matamu chini yake. Ukisikia hivyo unafurahi. Lakini igeuze: ukivuta kwa pampu mpaka ile mita 1 ya juu ikaondoka, chumvi chini inapata nafasi ya kupanda mita 40. Na huku pwani hatuna hata mita nzima ya kuchezea.

Nendeni kwenye kisima cha zamani karibu na ufukwe, siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Fungeni fundo kwenye kamba maji yanapofika wakati bahari imejaa, kisha mrudi imekupwa. Fundo litabaki juu ya maji. Kisima kinapumua na bahari, mama zetu walilijua hilo na walikuwa na saa zao za kuteka. Walijua pia mapango yenye maji. Kuza kule Jambiani, kwa mfano, leo mgeni analipa kuoga humo. Zamani pango kama lile lilikuwa kisima cha mji, na mtoto aliyekwenda kuchezea maji yake alirudi akilia. Hata msitu wa Jozani unatokana na hadithi hiyohiyo: pale ardhi imebonyea, maji ya chini yako karibu na uso, na masika yakizidi msitu unasimama ndani ya maji. Ile miti mirefu mnayoionesha haikuota kwa sababu ya mvua ya pekee. Imefikia maji ambayo vichaka vya juu vinayasikia tu.

Nikitaja mapango siwezi kuliruka pango la Kuumbi, hapa hapa kwetu Kusini. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo, na baada yake wakaja wengine. Walikuta dalili za watu wa zaidi ya miaka 17,000 iliyopita, na mifupa ya wanyama ambao leo hakuna mtoto wa Unguja aliyewahi kuwaona kisiwani: punda milia na nyati. Waliogeleaje? Hawakuogelea. Wakati wa baridi kuu ya dunia bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na mkondo ulio baina yetu na bara ni mfupi wa kina. Walikuja kwa miguu. Bahari ilipopanda tukawa kisiwa, na wanyama wakubwa wakapungua mpaka wakaisha. Wataalamu bado wanabishana juu ya baadhi ya mambo ya Kuumbi, kama vile lini mifugo iliingia, na mkiulizwa semeni hivyo hivyo kwamba wanabishana. Mgeni aliyesoma atakuheshimu zaidi kuliko ukimtungia.

Haya, tuingie kondeni. Hapa ndipo nataka kukaa.

Mtu wa maweni hachukui jembe peke yake. Jembe likipiga jiwe linapinda. Anachukua shoka au panga, na mtaimbo. Mwisho wa kiangazi anafyeka kichaka, anaviacha vikauke, anavichoma kabla ya mvua. Majivu ndiyo mbolea yake, na moto huo hupunguza magugu. Kisha anatembea juu ya jiwe akitafuta vishimo. Akifika kwenye ufa anaingiza ncha ya mtaimbo, anaking'oa kipande cha jiwe, anakiweka pembeni, anaukusanya udongo kwa mkono na kuuingiza mahali pake. Kishimo kikubwa kinapata mgomba au mpapai, maana kina unyevu na kivuli. Kishimo cha wastani kinapata muhogo. Ufa mwembamba unapata punje za mtama, uwele au mahindi, na kunde, choroko, fiwi zikipita katikati. Tungule na pilipili zina sehemu yake. Boga hupewa kishimo kimoja na ruhusa ya kutambaa juu ya mawe yote. Mtu aliyezoea shamba la mistari akiliona konde hilo atasema limeachwa. Ukimfuata mwenyewe utaona kila shina lina sababu ya kuwa pale lilipo.

Mawe aliyoyang'oa hupangwa yakawa ukuta mfupi, bila udongo wala chokaa, jiwe limekalia jiwe. Ukuta huo ni wa nguruwe. Nguruwe mwitu ni adui yetu mkubwa. Usiku mmoja anatosha kumaliza muhogo wa mwaka. Vijana wa zamani walilala kondeni kwenye vibanda wakipiga makopo, na wasasi na mbwa wao walikuwa watu wa heshima katika kila mji. Leo ukuta ule mkiuona kichakani mnapita.

Baada ya misimu miwili au mitatu majivu yameisha nguvu, magugu yamezidi. Mkulima halazimishi. Analilaza konde, anahamia jingine, na kichaka kinarudi. Wazee walikuwa wanaliacha muda mrefu mpaka miti inakuwa minene ya kutosha kuni. Na katika muda huo wote konde linafanya kazi. Linatoa kuni, fito na dawa, na mdaa unaotia ukindu rangi kwa ajili ya mikeka. Paa nunga, wale paa wadogo, wanajificha humo. Kwa hiyo mnaposema pori, mnasema juu ya kitu kilichotengenezwa na moto, mtaimbo na subira.

Nani alipanga zamu? Kila mji wa kale wa Kusini ulikuwa na wazee wake, wale watu wanne walioongoza mji, na ulikuwa na mvyale, mtunza ardhi na mizimu ya mji. Najua baadhi yenu mkisikia mvyale mnafikiria ubani, vitambaa vyekundu na mizimu, na wapo wenye kukereka kwa sababu za dini. Sitaki kuligombania hilo hapa. Nataka mlione upande wa pili. Huwezi kufungua konde jipya mpaka uende kwa mvyale, naye anajua mpaka huu ni wa nani, mahali hapa palilimwa mara ya mwisho na ukoo gani, na pango lile lisikaribiwe kwa moto. Hiyo ni ofisi ya ardhi. Haikuwa na makaratasi, ilikuwa na kumbukumbu na hofu, na hofu ililinda vyanzo vya maji. Mapango mengi yenye maji yalikuwa na mzimu. Mnadhani ni bahati tu?

Sasa historia, kwa haraka, maana ni ndefu na wengine mnaijua kuliko mimi. Karne ya 19 karafuu ilipopanda thamani, wenye nguvu walizitaka ardhi za udongo. Karafuu haioti kwenye jiwe. Wahadimu wengi, wenyeji wa kale wa Unguja, waliokuwa na mashamba huko walijikuta wanasukumwa mashariki na kusini, waungane na ndugu zao waliokuwa huku tangu kale. Mwinyi Mkuu, mtawala wao wa jadi aliyekuwa akikaa Dunga, alibaki kupokea kodi ya watu wake na kuifikisha kwa Sultani, na wa mwisho wao, Ahmed, alifariki 1873. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali na watu wakagaiwa eka tatu tatu, lakini eka hizo zilikatwa zaidi kwenye mashamba ya udongo. Huku hakuna aliyekuja na kamba kupima eka kwenye jiwe. Tukabaki na desturi yetu, na ndiyo maana leo karatasi zetu ni chache.

Ila msije mkadhani jiwe lilikuwa la masikini peke yao. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Jengo lenyewe limejengwa upya baadaye, karne ya 18, lakini maandishi ya kibla yamebaki. Mchongaji aliyeweza kutoa maua kwenye jiwe lenye matundu hakuwa mtu wa porini. Mtumbawe laini ukitolewa baharini ungali mbichi unachongeka. Ukikauka unakuwa mgumu. Na Mji Mkongwe wote, huo ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, ni maweni yaliyobebwa na kusimamishwa wima: jiwe letu, chokaa yetu, na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba, mita 3 hivi, kwa sababu boriti haikuwa na urefu wa zaidi. Wageni hupenda sana kulisikia hilo, kwamba upana wa chumba cha tajiri uliamuliwa na mti wa kwenye matope.

Chokaa hupatikana kwa tanu, yaani tanuri la kuchomea mawe. Kuni hupangwa kwa duara, gogo juu ya gogo, katikati panaachwa tundu, na mawe ya chokaa yanarundikwa juu. Moto ukitiwa unawaka usiku na mchana, na jiwe likipata joto la nyuzi kama 900 linaacha hewa yake na kuwa jepesi. Ukilimwagia maji linatokota na kupasuka lenyewe likawa unga mweupe. Mafundi wa zamani walikuwa wanaiacha chokaa iliyozimwa ikae muda mrefu kabla ya kuijengea, na ukuta wao unaruhusu unyevu kuingia na kutoka. Saruji inaufunga unyevu ndani, ndiyo maana ukuta wa kale ukizibwa kwa saruji unaoza kimya kimya. Tanu lina deni lake pia: lilikula msitu mwingi wa Kusini, na silisafishi hilo.

Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, mnaujua, mmekulia ndani yake, nitasema kidogo tu. Wageni wanauona kama mchezo wa kupigana magomba, kibanda kuchomwa, na mama zetu wakiimba maneno ambayo sitayarudia mbele ya Bwana Sheha. Waelezeni kwamba ni mwaka wa mkulima. Nairuzi ndiyo siku ya kwanza, kisha siku zinahesabiwa kumi kumi, miongo 36, na siku 5 za ziada, ziitwazo gatha, juu yake, jumla 365. Mwaka wa Kiislamu unazunguka majira yote na hauwezi kukwambia lini ufyeke, ndiyo sababu mkulima na nahodha walihitaji hesabu hii pembeni. Lakini hesabu haina siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka 4 inateleza siku 1. Karne ya 19 Nairuzi iliangukia mwishoni mwa Agosti. Sasa tunaifanya Julai. Mkiulizwa kwa nini tarehe haitulii, jibu ni hilo. Na zile fimbo za magomba zina maana kondeni: watu wanaolima bila uzio wala hati, ambao kila mwaka lazima waulizane nani afungue wapi, wana kinyongo kingi cha kumaliza. Hilo ni wazo langu, mnaweza kulikataa.

Pwani nitapita mbio. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye mchanga wa maji kupwa na kuwekewa mawe juu, yanakaa miezi mpaka yalainike, ndipo yanapondwa na kutolewa usumba wa kusokota kamba. Mwani wa kulima uliingia Paje na Jambiani karibu na 1989 na ukawapa wanawake fedha zao wenyewe, ingawa siku hizi bahari imekuwa ya moto na ile aina yenye bei nzuri inakufa. Kima punju, wale kima wekundu wa kisiwa chetu mnaowategemea kwa mkate wenu, walihesabiwa zaidi ya 5,800 katika sensa iliyotangazwa 2017, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Wanakula mkaa, na mgeni atacheka. Mwambieni majani ya miembe na mikungu wanayokula yana vitu vya kuumiza tumbo na mkaa unavikamata. Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarabu, naye ni mtoto wa ardhi ya jiwe, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akipeleka vyungu mjini kuuza kabla sauti yake haijampeleka mbali.

Sasa nifike kwenye kinachonikera.

Uwanja wa hoteli unapotafutwa, kwanza huja swali: je, ardhi ina mtu? Anayeulizwa anatazama. Haoni minazi, haoni miembe, haoni nyumba. Anajibu: haina mtu, ni pori. Mazoea yetu ya fidia ni kuhesabu miti iliyopandwa na majengo. Konde lililolazwa halina mti wa kuhesabiwa, maana kulazwa kwake ndiko kazi yake. Basi familia inayolima makonde sita kwa zamu inaulizwa juu ya lile moja lenye muhogo mwaka huu, na mengine matano yanakwenda bure. Kisha muda wa kulaza unafupishwa kwa sababu nafasi imekuwa ndogo, udongo unachoka, na watu wanasema: si mnaona, ardhi yenyewe haizai.

Na chini kunakwenda vilevile. Uchunguzi uliochapishwa 2001 kuhusu pwani yetu ya mashariki ulikadiria kwamba mgeni mmoja wa hoteli anatumia lita 685 za maji kwa siku, kama mara 15 ya mwenyeji. Maji hayo yanatoka kwenye ule utando mwembamba niliousema. Kisha yanarudi chini kupitia makaro. Nchi ya mchanga huchuja. Jiwe lenye mapango halichuji. Karo likichimbwa juu ya ufa, kilichomo kinaweza kutokea kwenye kisima cha jirani bila kusafishwa na kitu. Simlaumu mwenye hoteli peke yake. Nyumba zetu mpya nazo zina makaro yale yale, na sisi tumekuwa wengi.

Hapa mwenyekiti alinionyesha saa, nikakaa. Nayaandika maswali mawili kwa sababu yalinifaa kuliko hotuba yenyewe.

Kijana mmoja wa Jambiani aliniuliza: Mwalimu, tuseme kweli, muhogo na hoteli wapi na wapi? Unataka tukatae kazi?

Nilimjibu kwamba sijasema mtu akatae. Wewe mwenyewe unakula kwa wageni na mimi pensheni yangu inatokana na kodi, na wao wamo. Nilichosema ni kwamba anayekuja kuomba ardhi aambiwe ameomba shamba. Akijua ni shamba, mazungumzo yanabadilika: makonde yote ya zamu yanaorodheshwa, wenyewe wote wanaitwa, wazee wa mji wanakaa, na pango lenye maji linatengwa kabla ya mchoro wa bwawa la kuogelea. Akiambiwa ni pori, hakuna wa kuitwa. Na huyo wa kumwambia mara nyingi ni wewe, kwa sababu wewe ndiye mtu wa kwanza anayekutana naye na unajua lugha yake.

Msichana mmoja wa Mtende, aliyekuwa anaandika wakati wote, akauliza: mtu asiye mkulima atajuaje kwamba kichaka hiki ni konde la kulazwa na kile ni msitu wa asili?

Nikamwambia atazame visiki kwanza. Mti uliokatwa ukachipua unatoa mashina matatu, manne kutoka kwenye shina moja. Msitu usioguswa hauna sura hiyo. Kisha atazame urefu: konde lililolazwa limeota pamoja, kwa hiyo vichwa vya miti vinakaribiana. Ainame atafute vipande vya mkaa kwenye vishimo vya jiwe, na mawe yaliyobadilika rangi kwa moto. Atafute mawe yaliyorundikwa mahali pamoja, maana mawe hayajirundiki, na ukuta wa nguruwe, hata kama umebaki wa kufika kwenye magoti. Mpilipili au mpapai uliojiotea katikati ya vichaka ni shahidi mzuri, japo ndege nao hupanda. Akishaona mambo mawili matatu kati ya hayo, arudi kijijini aulize kwenye nyumba za karibu na njia hiyo, kwa wanawake zaidi kuliko wanaume, maana wao ndio waliolima huko mwisho. Aulize konde lile lililazwa mwaka gani na nani ana zamu ya kulifungua.

Aliniambia ataanza na kichaka kilicho nyuma ya skuli yao.